Saini ya Marehemu Chonga

Kaka yangu Chirau anaweza kuutambua mwandiko wa mtu aliyekufa zamani kabla hata hajalifikia jina lake. Ukimwuliza mwanawe yuko darasa la ngapi, anakuna kichwa. Naanza na hilo makusudi, maana hapa Ganjoni watu wakiisimulia habari yetu husema tulirogwa. Hatukurogwa. Tulijitakia, na nasema "tulijitakia" kwa sababu na mimi nimo.

Chirau ni karani bandarini. Mkewe alifariki Menza akiwa na miaka miwili, nami nikafunga virago nikahamia kwake kumlea mtoto. Sasa Menza ana tisa. Akifungua mdomo kanisani, kina mama huacha kujipepea. Wifi yangu alikuwa kiongozi wa kwaya, na hakumwachia mwanawe kitu kingine ila sauti ile. Nilikuwa nikifumba macho mtoto akiimba jikoni, naona kama wifi yupo, anakatakata vitunguu.

Na Chirau naye alikuwa na mapenzi yake. Barua. Si barua zozote, ni barua zenye saini za wasanii wa kale: watunzi wa nyimbo, wapiga udi, waigizaji wa redio, wenye vikundi vya michezo ya jukwaani. Mtunzi anaagiza nyuzi za udi. Mwigizaji anamlalamikia mwenye ukumbi kwamba paa linavuja na mvua imemnyea katikati ya kilio. Kila barua ndani ya mfuko wake wa plastiki, na mifuko yote imejaa kabati, nguo zangu mimi ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Huruhusiwi kuzigusa mpaka unawe mikono. Na sheria yake kubwa, aliyoirudia hata kwa wageni waliokuja kunywa chai tu, ni kwamba barua ya kale haiongezwi kitu, hata nukta.

Basi Jumamosi moja alasiri tulikwenda Kuze, sisi watatu, kwa Bi Fadhiya, binti wa marehemu Chonga. Chonga alikuwa mtunzi hasa. Wazee wa huko wakitajiwa jina lake hutikisa vichwa. Bi Fadhiya alitupokea vizuri, akatuuliza hali, akauliza hali za waliobaki nyumbani, akatuletea kahawa na halua, ndipo akatoa mkebe wa biskuti uliojaa barua za babake. Chirau akaomba maji ya kunawa mikono. Barua saba zilikuwa na saini, ile saini ya Chonga yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kulipiga jina mstari. Ya nane haikuwa nayo.

"Hiyo haikufai, mwanangu," Bi Fadhiya alisema. "Iache mkebeni."

"Nipe tu, Bi Fadhiya. Kwa kumbukumbu."

Yule mama alimtazama sana. Kisha akamtazama Menza, aliyekuwa akiimba pole pole huku akilamba halua kidoleni.

"Haya, ichukue. Lakini usiiongeze kitu."

Chirau alicheka. "Unamwambia nani, bibi? Hiyo ndiyo sheria yangu mimi."

Nyumbani tuliisoma. Ilikuwa fupi. *Kwa mzazi wa mtoto mwenye sauti. Baada ya salamu, nakuarifu nitakuja Ijumaa baada ya laasiri. Mtoto aoge, avae nguo nyeupe, aketi karibu na mlango. Sauti yake naichukua.* Basi. Chini yake pako wazi. Chirau alifikiri Chonga alikuwa akitafuta mwimbaji wa kikundi chake, na akafurahi kama amepewa dunia, maana hakuna aliyewahi kuona barua ya Chonga inayozungumzia kazi.

Wakati ule mwenzake mmoja wa kukusanya, Tony, alikuwa akitayarisha maonyesho ya barua za wasanii katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Ijumaa iliyofuata. Chirau akampigia simu, akamsomea barua. Tony akajibu kwamba ni nzuri, ingewekwa katikati ya ukumbi peke yake, mradi iwe na saini, maana bila saini nani ataamini? Chirau hakumwambia kwamba haina.

Siku mbili kaka hakula vizuri. Jumatatu jioni nikamkuta mezani na kalamu ya wino na karatasi za kalenda ya mwaka jana. Alikuwa ameandika saini ya Chonga mara hamsini, sitini.

"Kache, hebu njoo. Ipi imekaa?"

Ningeweza kusema, kaka, acha. Ningeweza kumkumbusha sheria yake. Lakini nilikuwa nimechoka na uso wake wa msiba, nikainama, nikatazama kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Nikaweka kidole. "Hii." Alishusha pumzi, akaivuta ile barua, akatia saini mara moja bila kusita.

Wino ulikuwa mweusi, mbichi. Tukautazama ukigeuka kahawia, ukipauka, ukazama ndani ya karatasi kama umekuwapo miaka hamsini. Chirau alipiga kofi mezani kwa furaha. Mimi sikuipenda, lakini aliponiomba niipige picha kwa simu yangu, nikaipiga.

Jumatano Menza alianza wimbo ambao sikumfundisha mimi wala kwaya. Aliuimba akifunga viatu. Aliuimba akipiga mswaki, povu likimtoka. Nikamwuliza ameutoa wapi.

"Ananifundisha babu."

"Babu gani?"

"Yule wa barua. Shangazi, gauni langu jeupe la kwaya liko wapi?"

Nilimpiga kibao. Sijawahi kumpiga mtoto yule. Hakulia, alisubiri nimalize, kisha akauliza tena gauni liko wapi.

Alhamisi nilimsihi Chirau aichome barua. Alisema barua iko kwa Tony, imeshatiwa ndani ya fremu ya kioo, na kwamba mimi na majirani ninaowasikiliza, ushirikina utatumaliza. Ijumaa asubuhi Menza aliamka kabla yangu. Alikuwa ameoga mwenyewe. Amevaa lile gauni. Nikamvua, nikalifungia kabatini na ufunguo nikautia kifuani. Nikamwita jirani yetu Wanza akae naye, nikamwambia asimfungulie mtu mlango, hata akija nani. Kisha nikakimbilia Kuze, nikamkosa Bi Fadhiya, nikamngoja mlangoni kwake mpaka aliporudi saa tisa.

Bi Fadhiya aliitazama picha ya barua kwenye simu yangu, akaketi chini sakafuni.

"Nani ametia saini hapa?"

Nikamwambia. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya chini, huku akitazama ngazi za kwenda juu.

"Baba hakutunga hata wimbo mmoja, mwanangu. Alikuwa akiimbiwa na jini, yeye akiandika. Kule juu, chumbani kwake. Na kila wimbo jini lilidai kitu. Mara ya kwanza kuku mweupe. Kisha mbuzi. Mwisho likataka sauti ya mtoto, na mtoto mwenye kuimba hapa alikuwa mimi. Likamshika mkono, likamwandikisha barua ile. Lakini saini liliishindwa. Baba alikataa. Alikataa mpaka mkono ukamfa ganzi; tangu siku hiyo hakupata wimbo tena, na mkono ule akafa nao hivyo. Mimi sauti yangu ninayo."

"Tufanyeje?"

"Aliyeitia saini ndiye wa kuivunja. Aseme mbele ya watu kwamba mkono ni wake, si wa baba. Kabla ya laasiri."

Ilikuwa saa tisa na robo.

Ukumbi haukuwa mbali. Niliingia kichwa wazi, leso imenianguka sijui wapi. Watu walikuwa wamejaa, wamevaa wakapendeza, na barua ipo katikati, peke yake, taa inaimulika. Chirau alikuwa amesimama kando yake kama bwana harusi. Nikamvuta mkono. Nikamnong'oneza yote.

"Kache, si hapa."

"Kaka, ni Menza. Menza!"

"Nikisema neno hilo hapa nimekwisha. Barua zangu zote zitaonekana za uongo. Kazi ya miaka ishirini."

"Basi kwisha!"

Hakusogea. Nikapaza sauti mimi. "Saini hii ameiandika yeye! Jumatatu! Mezani kwetu! Mimi ndiye niliyemchagulia!"

Vichwa viligeuka. Tony akaweka kikombe chini. "Chirau, anasema kweli?"

Kaka yangu aliitazama barua. Akawatazama wale watu. Akanitazama mimi. Nilimwona akifikiri. Sikudhani kuna la kufikiri.

"Si kweli," alisema. "Mnisamehe. Dada yangu hajalala, mtoto anaumwa nyumbani. Saini hii ni ya Chonga mwenyewe."

Mama mmoja akanishika bega kwa huruma, akanipa maji. Nje adhana ya laasiri ikaanza.

Sikumbuki nilivyopanda tuktuk. Nakumbuka ngazi za nyumba yetu. Ghorofa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mlango wazi.

Menza ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Amevaa gauni jeupe. Ufunguo wa kabati ulikuwa bado kifuani mwangu.

Mdomo wake ulikuwa wazi. Koo lilikuwa likipanda na kushuka, mishipa imemsimama. Anaimba. Lakini hakuna kitu kilichotoka, hata pumzi.

Wanza alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Si nilikwambia usifungue?"

"Kache, alikuwa na barua. Mzee mmoja, mpole, wa kanzu. Aliipitisha chini ya mlango nisome. Imesema Chirau amekubali, na saini ni ya Chirau. Hiyo saini naijua, si ndiyo anatia kila mwezi kwa kitabu cha maji? Nikafungua. Aliketi kidogo tu. Akamwambia mtoto, imba. Akaimba, Kache, sijasikia kitu kama hicho maisha yangu. Yule mzee akaamka, akashukuru, akatoka. Nikasikia wimbo unashuka ngazi. Nikafikiri Menza amemfuata. Kugeuka, Menza huyu hapa."

Daktari alimmulika koo kwa tochi. Akasema koo ni zima, mtoto mzima, labda amepata mshtuko. Daktari wa pili akasema hayohayo.

Chirau alikiri siku ya pili. Alikiri kwa Tony, akakiri kwa watu wote waliokuja ukumbini, mmoja mmoja, kwa simu, akilia. Akachoma kabati zima la barua uani. Tony aliirudisha ile ya Chonga na kusema imemshinda kuelewa: ndani ya kioo, fremu haijafunguliwa, saini haipo. Mahali pale ni peupe kabisa.

Baada ya wiki mbili Bi Fadhiya alinipigia simu. Alisema nimlete Menza siku ya Ijumaa, na hakusema kwa nini. Tulikwenda. Alituketisha chini, chumba cha wageni, hakuleta kahawa. Adhana ya laasiri ilipokwisha, juu kule, katika chumba cha babake kilichofungwa, mtoto akaanza kuimba.

Naijua sauti ile kama ninavyojua mikono yangu. Menza aliinuka, akaenda hadi mguu wa ngazi, akaanza kuchezesha midomo akifuatisha maneno, neno kwa neno, bila kukosea. Bi Fadhiya alijifunika uso. Tulipanda na ufunguo. Sauti iliendelea mpaka mlango ulipofunguka, ikanyamaza. Ndani kulikuwa na vumbi na udi uliokatika nyuzi.

Tunakwenda kila Ijumaa. Chirau huja nasi, lakini yeye hasikii chochote. Husimama ngazini, kichwa ameinamisha, amekonda, anatega masikio mpaka jasho linamtoka. Wimbo ukiisha, sauti ile huita, "Shangazi!" Huita kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu. Menza naye hunigeukia, midomo imefumbwa, akanishika leso.

Chirau akituona tumeshtuka huuliza, kila wiki, "Imesema nini? Imeniita?"

Nami kila wiki humjibu kweli tupu. "La, kaka. Haijakuita."