Jiwe Ndani ya Sweta

Kang! Kang! Kang! Kipande cha reli kiligongwa kanisani, lakini kanisa lenyewe halikuonekana. Ukungu ulikuwa umelimeza pamoja na mikaratusi yake.

Yudith alimfunga mdogo wake Fanueli mgongoni, akachukua kapu, akashika njia. Mama yao alikuwa ameamkia shamba la kijiji cha ujamaa, na baba alikuwa ameshuka Muheza kutafuta kibarua. Kumpeleka mtoto kwenye mzani ilikuwa kazi ya Yudith.

Mzani huo ulining'inia barazani mwa kanisa. Kila mwezi akina mama wa usharika walipima watoto wadogo, na aliyeonekana mwepesi alipewa unga wa lishe. Kwa baridi ya Lushoto, watoto hawakuvuliwa masweta.

Mwezi uliopita Rehema, aliyesoma darasa moja na Yudith, alimwimba Fanueli mbele ya watu: "Unyoya mwepesi, upepo upesi!" Watoto wakacheka hadi wakashika mbavu. Yudith aliapa kwamba hawatacheka tena. Ndiyo maana leo, ndani ya sweta la Fanueli, alikuwa amefunga jiwe la mtoni kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mama Efrazia."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mweke bwana mkubwa wetu tumwone."

Fanueli akaning'inia. Mshale ukapanda. Mama Efrazia, kiongozi wa akina mama, akapiga kigelegele.

"Bwana asifiwe! Huyu sasa ana nguvu. Josephina, unga wake chukua wewe. Wanao pacha wanauhitaji zaidi."

Hakuna aliyecheka, hata Rehema. Yudith alingoja furaha imjie, isije. Mfuko wa unga ulikuwa ukienda mikononi mwa Josephina, na nyumbani debe la mahindi lilikuwa tupu. Alipomfunga tena mgongoni, Fanueli alianza kunyonya pindo la kanga kwa njaa.

"Mama, ngoja!" Yudith aliita. "Amebeba jiwe."

"Nani amebeba jiwe?"

"Fanueli."

Akalitoa, akaliweka sakafuni. Rehema akaangua kicheko. "Kumbe unyoya una jiwe tumboni!"

"Funga mdomo, wewe!" Josephina akamgeukia. "Njaa ikibisha hodi kwenu, utaimba?"

Fanueli akapimwa upya. Mshale ulisimama chini kuliko mwezi uliopita. Mama Efrazia hakugomba. Aliketi kwenye ngazi, akamvuta Yudith karibu.

"Unga tuliokupa aliula nani?"

"Sote, mama. Mahindi yaliisha. Mama alipika uji wa Fanueli, tukagawana. Akasema nisimwambie mtu, mtatukasirikia."

Akina mama walitazamana. Josephina akafungua ule mfuko, akammiminia Yudith nusu kwenye kapu lake.

"Pacha wangu hawatashiba kwa njaa ya mwenzao," alisema.

"Na sisi tutatoa mahindi ya mavuno ya kanisa," Mama Efrazia akaongeza. "Jumatatu tutakuja na majembe na mbegu za maharage. Mwambie mama yako asione haya. Mtoto hanenepi peke yake katika nyumba yenye njaa."

Kisha akaliokota lile jiwe, akalipima mkononi.

"Mzani si hakimu, Yudith. Hauko hapa kumwaibisha mtu. Leo ungetudanganya, tungeimba sifa huku ndugu yako akidhoofika mgongoni mwako. Ukweli ulioogopa kuusema ndio utakaomlisha. Aibu huliwa na nani? Haijazi tumbo la mtoto."

Rehema aliinamisha kichwa. Taratibu akalichukua kapu la Yudith. "Nitakubebea," alinong'ona.

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na paa la kanisa likaonekana. Mama Efrazia alimtwaa Fanueli, akamwinua juu mbele ya watu wote.

"Nisikie, bwana mkubwa! Tutakuja kwenu, masika na kipupwe, wala hatutachoka, hadi siku ile utakapoipanda njia ya shule kwa miguu yako mwenyewe!"