Nyasi Iitwayo Teodosia

"Na nyasi hii ya kumi na nne," Ashraf alisema, akielekeza kalamu kwenye picha ya orodha iliyomulikwa ukutani, "wafugaji wa Kisukuma wa Mbekenyera wanaiita Teodosia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumvunjia mtu kiti kichwani, lakini niliposikia jina hilo nikanyamaza. Nilitaka aendelee.

"Teodosia," Dokta Kornelia, mwalimu wetu, alirudia, akaandika.

"Ndiyo, Dokta. Na hii ya kumi na tano wanaiita Bernardo. Ng'ombe wanaipenda sana."

Naitwa Nelly Bundala. Nasoma baiolojia mwaka wa tatu, katika chuo kidogo hapa Nachingwea. Darasa letu lina watu kumi na tisa na maabara ina darubini nne, moja mbovu. Baba yangu ni mfugaji. Tulihamia Mbekenyera na ng'ombe wetu kutoka Kanda ya Ziwa nikiwa darasa la tano, na tangu hapo swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mtarudi lini kwenu?" Ashraf, mtoto wa mjini hapa hapa, hakuniuliza hilo. Siku ya kwanza darasani aliniuliza kama nimekula. Basi nikapenda. Nilimpenda mpaka nikawa namfulia koti la maabara, na mwenyewe alishaniambia kwamba tukimaliza mitihani atawaleta wazee wake kwa baba.

Utafiti wangu wa kumalizia digrii ulikuwa wa nyasi za malisho. Miezi mitano nilifuata ng'ombe wa baba machungani, naandika wanakula nini masika na nini kiangazi. Siafu walining'ata, malaria iliniangusha mara mbili. Nilitaka kujua ni nyasi zipi tukizipanda ng'ombe wataacha kuingia kwenye ufuta wa watu, maana kila mwaka tunagombana na majirani kwa sababu hiyo hiyo. Ashraf yeye alipangiwa wadudu wa ufuta kule Nkowe. Alikwenda mara moja, akapiga picha na kipepeo, akarudi mjini.

Kompyuta yangu ilipokufa nilipiga picha daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia anichapie.

"Usijali mpenzi, nitakupangia vizuri," alinijibu kwa ujumbe, na moyo mwekundu pembeni.

Wiki iliyopita nikiwa nyumbani akanipigia. Akasema siku ya kuwasilisha imesogezwa mpaka Alhamisi, nisihangaike, nibaki nimsaidie mama. Nikabaki, mjinga mimi.

Jumanne saa mbili asubuhi ukaingia ujumbe wa Raudha, ninayekaa naye chumba kimoja, Mmwera wa Lionja asiyejua kuzunguka maneno:

"Uko wapi? Tunawasilisha leo. Ashraf saa tano, wewe saa sita. Kichwa cha kazi yake kimebandikwa ubaoni. Ni nyasi zako."

Nikampigia Ashraf mara saba, inaita tu. Ya nane nikaambiwa simu imezimwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nisipotokea, nimefeli. Nikitokea baada yake na kazi ile ile, mwizi ni mimi. Nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa, nikabahatisha gari la Nachingwea, na njia nzima sikulia hata tone. Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kulia.

"Dokta," nilisema pale mlangoni, "naomba kumuuliza mwenzangu swali."

Ashraf aligeuka. Kalamu ilimponyoka.

"Kikao kimeanza bila wewe, Nelly," alisema Dokta Kornelia. "Uliza."

"Teodosia ni nyasi ya namna gani?"

"Ni ndefu," alisema Ashraf. "Inaota mabondeni."

"Jina hilo ulipewa na nani?"

"Na wafugaji wenyewe. Niliwahoji. Nelly, tuongee baadaye."

"Tunaongea sasa. Teodosia ni ng'ombe wa baba yangu. Mweusi, ana pembe moja, na hivi sasa ananyonyesha. Bernardo ni dume. Baba huwapa ng'ombe wake majina ya watu waliotupokea vizuri tulipohamia. Mama Teodosia ndiye aliyetupa maji siku ya kwanza. Nenda kamwambie yeye ni nyasi."

Raudha aliangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Dokta Kornelia hakucheka. Aliomba maelezo, nikampa. Kwenye kurasa za mwanzo, pembeni ya kila nyasi kuna jina la kienyeji. Ukurasa wa mwisho una nyasi ambazo hata baba hakuzijua jina, kwa hiyo niliandika tu jina la ng'ombe niliyemkuta akiila. Ashraf alikuta jina limekaa mahali pa jina, akalisoma hivyo hivyo. Mtu aliyefika zizini kwetu hata mara moja asingekosea, kwa sababu baba huita ng'ombe wake kwa sauti kutwa nzima.

Nikatoa daftari kwenye begi. Lilikuwa na alama ya samadi kwenye jalada. Dokta alilifungua, akalilinganisha na picha ya ukutani, akampa Mwalimu Masoudi aliyekaa kando yake. Mwalimu Masoudi alisoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Ashraf, daftari lako la machungani liko wapi?" Dokta aliuliza.

"Lilipotea, Dokta."

"Kaa chini. Kesho asubuhi utakuja ofisini na maelezo ya maandishi. Nelly, una dakika ishirini."

Sikuwa na kitu cha kuonyesha, basi nikatumia picha zake, kwa kuwa zilikuwa zangu. Nilizieleza kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwalimu Masoudi alinibana kwa maswali tisa, nikajibu manane, na la tisa nikakiri sijui. Waliponiambia nimepita niliitikia tu kwa kichwa.

Nilimkuta Ashraf nje, amekaa kwenye ngazi za maabara. Macho yalikuwa mekundu. Hata hivyo sikumwonea huruma.

"Sikuwa na kitu mkononi, Nelly," alisema. "Ningefeli. Nyumbani wangenifukuza."

"Kwa hiyo nifeli mimi."

"Wewe una akili, ungerudia mwakani ukafaulu. Na hata ungeshindwa, una ng'ombe wa kurudi kuchunga. Mimi ningerudi kwenye nini?"

Miaka mitatu nimekaa na mtu huyu, na kumbe hivyo ndivyo alivyonihesabu. Nilitamani kumzaba kibao. Nikaingiza mikono mfukoni.

"Ungeniomba ningekupa," nilimwambia. "Sampuli zilikuwa nyingi. Wewe ungechukua nyasi za masika, mimi za kiangazi, tukaenda kwa Dokta wote wawili tukaomba. Kwa nini hukuniomba?"

Ashraf akajifuta macho.

"Niliona aibu."

"Kuniomba uliona aibu. Kuniibia hukuona."

Akanyoosha mkono anishike. Nikarudi nyuma hatua moja, nikatoa koti lake la maabara kwenye begi, lile nililolifua nikalikunja nyumbani, nikamwekea mapajani. Sikusubiri aseme kitu. Nilikwenda mpaka getini, nikampigia baba. Alikuwa machungani, upepo unavuma kwenye simu.

"Baba, nimefaulu."

"Mungu ni mwema, mwanangu." Akamwita ng'ombe mmoja arudi, kisha akauliza: "Na yule kijana wako, aliyesema atakuja na wazee wake?"

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Nikasubiri mpaka niweze kusema sawasawa.

"Yule amefeli, baba. Usimsubiri."