Neno Lililoachwa kwenye Chumba cha Picha

"Vuta pumzi, mama. Ibane hapohapo," alisema mpiga picha za kifua, na simu yake ikalia. Akatoka nje kucheka na simu, mwanamume mzima, akamwacha mshonaji, mke wa watu, ameng'ang'ania bamba la mashine.

"Pumua," sauti ikasema.

Mshonaji akapumua. Kisha akamsikia mpiga picha bado anacheka huko koridoni. Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Tangu hapo hakupumua mpaka aambiwe. Daktari alisema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ataivutaje, na pumzi ina mwenyewe? Siku aliporudishwa, daktari akamsikiliza kifua, akavichomoa vifaa masikioni upesi.

"Dokta, umesikia nini?" akauliza mumewe, seremala.

"Mwanamume," daktari akanong'ona. "Yumo ndani. Anasema pumua."

Na sauti ikazidi kuchelewa, mshonaji akawa anakaa kitandani mdomo wazi, midomo ikigeuka rangi ya wino, macho yameukodolea ukuta, mumewe akimpiga mgongoni na kumsihi, "Pumua, mke wangu, pumua!" na yeye akitikisa kichwa kwa kuwa siyo sauti hiyo anayoitii, mpaka harufu ya majivu ije, na neno lije taratibu, kama tonge linalorushiwa ombaomba.

Mama mkwe wa mshonaji hakulia. Kilio hakijaponya mtu.

"Aliyeliacha neno alimalize," akasema. Akamburuta mkwewe hospitali, seremala akiwafuata, akamkamata mpiga picha ukosi. "Mdomo ulikuwa na kazi ya kucheka, eti? Leo una kazi nyingine."

Wakamsimamisha mshonaji kwenye bamba lilelile. Hakuwa amepumua tangu getini.

"Pu... pumua, mama."

Kifua cha mshonaji hakikusogea.

"Amrisha! Huombi chumvi kwa jirani!" mama mkwe akafoka.

"Pumua!"

Mshonaji akavuta pumzi kwa mkwaruzo, akakohoa donge la majivu mabichi, akapumua tena, na tena, bila kuambiwa. Seremala akaanguka magotini.

"Haya, asante, mwanangu," mama mkwe akamwambia mpiga picha. "Shika kazi yako."

Mpiga picha alisimama mdomo wazi, kifua kimetuna, macho yameukodolea ukuta.

"Pumua!" mama mkwe akapiga kelele. "Pumua, wewe!"

Akatikisa kichwa. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi ya wino.

Ukutani, kicheko kikaanza: kilekile cha kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe, wala hakikuwa na haraka.