Jina la Nane Kwenye Karatasi

Jumanne katika nyumba ya wazee ya Gnadenruh ni siku ya mablanketi. Wazee hukusanyika ukumbini baada ya kifungua kinywa, hutandaza vitambaa juu ya fremu mbili za mbao, kisha huvifunga kwa uzi wa sufu, fundo baada ya fundo, mpaka blanketi liwe tayari kupelekwa kwa wakimbizi ambao hawatawaona maishani. Wanaume nao hufunga. Gerhard Loewen, mwenye miaka tisini na moja, alipenda kujisifu kwamba mafundo yake hayafunguki hata kwa meno. Akina mama walimkubalia, maana hata yeye mwenyewe hakujua alivyoyafunga.

Haya yalitokea Jumanne moja ya Februari, mchana kweupe, jua likimeta juu ya theluji mpaka macho yanauma. Anayengoja giza liingie ndipo aanze kuogopa, asingoje.

Neta Enns alichelewa kufika ukumbini. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na tangu alfajiri alikuwa hospitali ya mji wa jirani kando ya kitanda cha mumewe, Jasch. Mzee yule aliteleza kwenye barafu mbele ya kanisa, nyonga ikavunjika, na baada ya upasuaji ikaja homa ya mapafu. Lakini asubuhi hiyo daktari alitabasamu. Mapafu yalikuwa yanasafika. Neta alirudi na gari la nyumba ya wazee ili alale kidogo, akakitazama kitanda, akashindwa. Miaka hamsini na minane alilala na Jasch ubavuni. Hakujua kulala peke yake na hakutaka kujifunza. Akachukua mkoba wake, akaenda kufunga mafundo.

Sasa, pale Gnadenruh kila chumba kina simu ya ndani, na kando ya kila simu pamebandikwa karatasi yenye majina kumi na sita. Ndiyo simu ya maombi. Mtu akiugua, saa tatu asubuhi Mchungaji Verna humpigia wa kwanza. Wa kwanza huliandika ombi kwenye daftari lake, huomba, kisha humsomea wa pili. Wa pili humsomea wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Asiyekuwepo anarukwa. Sharti ni moja tu: hubadilishi neno. Unaandika ulivyosomewa, unajibu "Nimepokea", unaweka simu chini. Umbea una saa yake, saa tisa, pamoja na kahawa na mikate.

Gerhard alikuwa jina la saba. La nane lilikuwa Suse Rempel. La tisa, Marike Voth. La kumi, Neta.

Suse alifariki wiki moja kabla ya Krismasi. Karatasi huchapishwa upya wakati wa Pasaka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupiga mstari kwenye jina la mtu aliyemsindikiza makaburini. Wote walichukulia kwamba Gerhard angemruka tu.

Mchungaji Verna alikuwa akikata uzi. "Bado namuwaza Ndugu Peter Unger," alisema. "Alikuwa ameshafunga mizigo yake arudi kutoka hospitali. Na tulimuombea kweli apone."

"Apone?" Neta aliuliza. "Mimi nilisomewa tuombe achukuliwe."

"Dada Neta, mimi siwezi kuanzisha ombi la namna hiyo."

"Nikafikiri umepata akili hatimaye," Neta alisema, akicheka kidogo. Alitoa daftari mkobani, akafungua, akasoma. "Peter Unger. Bwana amchukue kwa upole."

Gerhard, ambaye masikio yake yalikuwa ya kupigia kelele, aliona watu wamenyamaza, akauliza kuna nini. Alipoelezwa alichomoa daftari lake kwenye mfuko wa shati. "Langu linasema apone. Nimeandika kwa kalamu nyekundu, ona."

Wakalinganisha. Tangu Krismasi mpaka wiki iliyopita wagonjwa walioombewa walikuwa watatu. Kwa Gerhard na wote waliomtangulia: apone, apone, apone. Kwa Neta na wote waliomfuata: amchukue, amchukue, amchukue. Watatu wote walikuwa wameshazikwa. Neta aliwaombea mmoja mmoja, kwa moyo safi, macho yamefumbwa. Aliuona mwandiko wake mwenyewe pale, akalifunga daftari.

"Ndugu Gerhard," Mchungaji alisema polepole karibu na sikio lake, "ukimaliza kuandika, unampigia nani?"

"Anayenifuata. Ishirini na nane."

"Hicho ni chumba cha Suse."

"Si kuna mtu mpya? Mimi nafuata karatasi, mama. Napiga, nasoma, mtu anasema 'Nimepokea'. Nikajua wamempa mtu chumba pamoja na zamu yake."

Hakukuwa na mtu mpya. Chumba kile kilikuwa kinasubiri rangi.

Wote wakamgeukia Marike. Alikuwa amekaa mwisho wa fremu, mdogo, nadhifu, miaka tisini na nne, kumbukumbu zake zikivuja. Neta aliinama. "Marike, mpenzi, nani anakupigia simu ya maombi?"

"Suse," alisema Marike, bila kuacha uzi. "Nani mwingine? Leo sauti yake ilikuwa na mafua."

Hakuna aliyefunga fundo tena.

"Leo?" Neta alinong'ona.

Mchungaji Verna aliweka mkasi chini. Asubuhi hiyo alikuwa ameanzisha ombi jipya. Jina lilikuwa la Jasch.

Daftari la Marike lilikuwa kwenye kikapu cha kigari chake cha kutembelea. Neta alilichukua mwenyewe. Mwandiko ulitetemeka lakini ulisomeka vizuri. *Jasch Enns. Bwana amchukue kwa upole, leo, kabla jua halijazama.*

"Nilikupigia hukuwepo," Marike alisema. "Nikampigia anayefuata. Sikubadilisha neno."

Neta alikwenda kwenye simu ya ukumbini akapiga hospitali. Muuguzi alichelewa kuja. Alipokuja sauti yake ilikuwa ya uangalifu mno. Ndiyo, mama, tangu saa tatu na nusu hali imebadilika. Anavuta pumzi kwa shida. Ni vizuri uje.

Dereva alikuwa tayari na funguo mkononi. Neta alisimama na koti lake bila kulivaa. Angekwenda angefika kumshika mkono tu. Kilichokuwa kinamuua Jasch hakikuwa hospitali. Kilikuwa humu ndani, kwenye korido ya mashariki, na watu saba wa Mungu walikuwa wamekisaidia wakiwa na vitabu vya nyimbo mapajani.

Alikwenda na Mchungaji Verna kukifungua chumba cha ishirini na nane. Kilikuwa na baridi na harufu ya sabuni. Kitanda hakuna. Pazia hakuna. Ukutani, pale simu ilipokuwa, palibaki nyaya mbili zilizofungwa kwa utepe mweusi.

"Wameitoa tangu Januari," Mchungaji alisema. "Niliwaambia mwenyewe."

Neta alizitazama nyaya zile, na jambo alilolikalia miaka mingi likasimama mbele yake.

"Verna, kabla hujaja, simu ya maombi nilikuwa naianzisha mimi," alisema. "Suse alinipigia. Mumewe, Kornelius, alikuwa amepooza, analia usiku kucha, vidonda mgongoni. Akasema, Neta, muombe Mungu amchukue kwa upole, mimi siwezi tena. Nikasema nimepokea. Halafu nikaandika apone."

"Kwa nini?"

"Niliona ni dhambi kuomba vile. Nikajiona mimi ndiye mwenye imani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ombi likazunguka likamfikia mwenyewe. Akalisikia limebadilishwa. Na akampigia Marike, akalisoma vilevile, neno kwa neno, kwa sababu ndilo sharti. Kornelius akakaa kitandani miaka tisa."

Nje, jua lilikuwa limeshapita katikati.

Walikwenda chumbani kwa Gerhard. Mzee alikaa mbele ya simu yake, safari hii bila mzaha hata mmoja. "Nipige kweli?" aliuliza. Neta akatikisa kichwa kukubali. Kidole cha mzee kikabonyeza mbili, kikabonyeza nane.

Iliita. Huko mwisho wa korido, katika chumba kisicho na simu, hakuna kilicholia. Lakini kwenye kipokezi iliita mara moja, mbili, tatu.

Ikapokelewa.

Neta aliichukua simu mkononi mwa Gerhard. Hakusikia salamu. Alisikia mtu anapumua kwa pua iliyoziba. Taratibu. Bila haraka.

"Suse," alisema.

Pumzi ikaendelea.

"Suse, ni Neta."

"Miaka tisa," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ileile ya upole iliyokuwa ikimuuliza kila Alhamisi kama supu ya matunda inahitaji sukari. "Nilikuwa namgeuza kila saa mbili, Neta. Usiku na mchana."

"Najua."

"Hujui. Jasch anaumia. Wewe humsikii. Mimi namsikia."

Neta alilia wazi, mbele ya Gerhard na Mchungaji, kwa uchungu na kwa aibu. "Nilibadilisha mimi. Si wao, ni mimi. Nisamehe. Lakini huyu ni wangu, Suse. Usimchukue. Mwache abaki. Vyovyote atakavyokuwa, mwache abaki nami."

Pumzi ile ilikatika. Kisha, kwa uchangamfu kidogo, kama mtu anayeandika huku akizungumza, sauti ikarudia: "Vyovyote atakavyokuwa, abaki naye."

Na baada ya hapo: "Nimepokea."

Simu ikafa. Haikuwa na mlio wowote. Gerhard aliibonyeza tena na tena mpaka Mchungaji akamshika mkono.

Neta alifika hospitali saa kumi. Alimshika Jasch mkono na kutazama dirishani, jua likishuka juu ya mashamba meupe. Likagusa paa za maghala. Likazama. Jasch alishtuka mwili mzima, akatoa pumzi moja ndefu, na Neta akafumba macho. Alipoyafumbua mumewe alikuwa bado anapumua. Homa ilikuwa imeshuka. Muuguzi alisema hajawahi kuona jambo kama lile, akamkumbatia, na Neta akashukuru kwa sauti mpaka wagonjwa wa jirani wakageuka.

Jasch alirudi Gnadenruh mwezi wa Machi, kwenye machela. Madaktari walieleza kwamba jioni ile mshipa ulipasuka kichwani. Hasemi. Hajigeuzi. Macho yake yako wazi na yanamfuata Neta kila aendako, na usiku analia, si kwa nguvu, ila bila kupumzika. Huu ni mwaka wa sita. Neta humgeuza kila saa mbili. Mara mbili amempigia Mchungaji Verna akampa ombi kwa maneno yaleyale ya Suse, na Mchungaji ameliandika jinsi alivyolisikia, na majina yote kumi na sita, sasa ya watu wengine, wameliomba bila kubadilisha neno. Asubuhi Jasch ameamka na mashavu mekundu yenye afya.

Anayesimulia haya ni mpwa wa Neta, fundi wa mazulia, na si mtu wa kuongeza chumvi. Msimu huu wa joto alikwenda kubadilisha zulia la chumba chao. Kitanda cha Jasch kimeegemezwa ukutani kwa miaka yote hiyo, na kati ya kitanda na ukuta hapapiti hata mkono. Waliposukuma kitanda aliona kwenye zulia, upande ule wa ukutani, mashimo mawili, yamekaa jirani, mapana kama magoti ya mtu mzima. Nyuzi za zulia zilikuwa zimelika zote. Alilifunua akakuta yameingia mpaka kwenye saruji, laini, yamesuguliwa vizuri, na alipoyagusa yalikuwa na vuguvugu.

Hakuthubutu kumuuliza shangazi yake ni nani anayepiga magoti pale, wala anaomba nini. Neta alikuwa amesimama mlangoni, anayatazama.

"Weka zulia jipya," alisema. "Halafu kirudishe kitanda palepale. Saa yake ya kugeuzwa imefika."