Kisogo cha Gari

Nyumba ninayotaka kuwaeleza tunagawana nayo ukuta mmoja na ua mmoja, kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Kila asubuhi ilikuwa hivi: mama wa nyumba, fundi wa magauni ya harusi, ameshakaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, binti yao wa miaka sita yuko chini ya meza anapanga vifungo kwa ukubwa, na baba wa nyumba, kinyozi, anajitazama kwenye kioo cha mlangoni kabla ya kwenda kazini. Mtaani tulimwita Bwana Kioo. Cherehani inalia, mtoto anaimba, mimi na paka wangu tunaota jua. Ningeweza kuishia hapa, lakini nani atasoma habari za watu wenye raha?

Bwana Kioo alikuwa fundi kweli, hilo simnyimi. Alisifika kwa kioo kidogo cha mkono. Akishakunyoa, hakuruhusu uinuke mpaka akishike nyuma yako, ukione kisogo chako ndani ya kile kioo kikubwa cha mbele. "Mbele kila mtu anajiona," alikuwa akisema. "Kazi yangu iko huku nyuma." Kumbukeni maneno hayo.

Ikafika siku akataka gari. Si kosa, kinyozi anasimama kutwa, miguu inachoka. Akaenda kwenye yadi ya magari na mkewe, binti yake, na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ni fundi wa gereji. Nami nilikwenda. Hakuna aliyenialika, lakini hakuna aliyenikataza kwa sauti ya kutosha.

Magari yaliyobaki kwenye uwezo wake yalikuwa mawili. Moja dogo, la petroli, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, injini yake ikiwaka mpaka uulize kama imewaka. La pili kubwa, jeusi, la dizeli, taa zake kama macho ya mtu aliyetukanwa. Hilo likiwashwa, hata mifupa yangu ilijua.

Shemeji hakugusa taa. Lilipozimwa alikwenda kuchuchumaa nyuma, akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba la moshi, akakitoa kikiwa cheusi tii.

"Shemeji, njoo nyuma huku uone. Masizi yote haya! Na hapa chini palikuwa na chujio la moshi. Wameling'oa, wamechomelea bomba tupu."

Muuzaji akacheka. "Fundi, hilo limetolewa ili gari lipumue."

"Gari lipumue, sisi je?" mke akauliza.

Bwana Kioo alikuwa akijitazama kwenye mlango wa lile gari jeusi, akigeuza shavu huku na huku.

"Mimi nitakaa mbele," akasema. "Nyuma wanakaa wengine."

Tukacheka. Nami nilicheka, nakiri, msije mkadhani nilikuwa malaika. Shemeji tu ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa akifuta kidole chake.

Gari jeusi likaja uani. Aliliegesha uso ukitazama njia, ili wapita njia wauone. Sasa gari likitoa uso njiani, mkia utatazama wapi? Ulitazama dirisha la chumba cha kushonea, na humo ndimo binti alimolala. Kila asubuhi Bwana Kioo aliliwasha, akaliacha lingurume robo saa nzima, "lipate joto," naye akarudi ndani kuchana ndevu.

La kwanza kulalamika lilikuwa gauni. Lilitundikwa dirishani jeupe, likashushwa lina michirizi kama limefutiwa sufuria. Mama wa bibi harusi akalishika kwa vidole viwili. "Fundi, mwanangu anaolewa au anakwenda kuuza mkaa?"

Kisha kikaanza kikohozi cha mtoto. Wakasema ni vumbi la vitambaa, vitambaa vikahamishwa. Wakasema ni baridi. Mtoto akavishwa sweta mbili, akawa anakohoa huku anatoka jasho. Mwishowe Bwana Kioo akaja kwangu, kofia mkononi.

"Bibi, niwie radhi. Nadhani ni manyoya ya paka wako."

"Paka wangu ana miaka tisa hapa, mjukuu wangu. Gari lako lina wiki ngapi?"

"Saba."

"Kikohozi je?"

"Kama sita hivi."

"Basi bila shaka ni paka," nikasema. Akanishukuru kwa moyo wote! Nikampeleka paka kwa dada yangu. Paka akaondoka, kikohozi kikabaki, na wiki mbili nzima nilikuwa nikimsalimia Bwana Kioo hivi: "Paka hajambo. Mtoto je?"

Asubuhi moja sikupata nafasi ya kutania. Binti alitoka chini ya meza, vifungo vikamwagika. Alitaka kumwita mama yake, akaita nusu. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka, ngozi ya shingo ikiingia ndani kila alipovuta pumzi, midomo imekuwa ya kijivu. Tukamtia garini, mimi na mama yake tumemshika huko nyuma, Bwana Kioo akikanyaga mafuta.

Hatukufika mbali. Barabara ilikuwa imejaa, na mbele yetu palisimama lori likitoa moshi mzito, nao ukaingia moja kwa moja madirishani. Mama akapandisha vioo haraka. Bwana Kioo akatoa kichwa nje.

"We bwana! Lori lako linatuua huku nyuma! Nina mtoto mgonjwa!"

Dereva wa lori akachungulia, mtu mpole tu. "Pole sana, kaka. Mimi niko mbele, huko nyuma sikuoni."

Bwana Kioo akarudisha kichwa ndani, akapandisha kioo chake, na foleni ilipofunguka akakanyaga mafuta mpaka hospitali.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwekea mtoto barakoa ya dawa ya mvuke. Alipoona kifua kimeanza kutulia akasema ni pumu, kisha akauliza, "Dirisha la anapolala linatazama nini?"

"Gari," mama akajibu.

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

Daktari akaandika. "Dawa nitampa. Lakini moshi wa gari hilo ukiendelea kuingia chumbani, mtamrudisha hapa. Na siku ya kumrudisha huenda barabara ikawa imejaa tena."

Mnadhani gari liliondoka siku hiyo? Lilihamia nje ya ukuta. "Nitaliwashia barabarani," alisema, yaani kwenye madirisha ya watoto wa watu wengine, na upepo ukamrudishia binti yake fungu lake.

Nikaenda kwake kazini kunyolewa. Nywele zangu zimeshanikataa, nami nimezikataa. Alipomaliza, akashika kile kioo kidogo nyuma yangu.

"Kisogo safi, Bibi?"

"Safi. Sasa nionyeshe cha gari lako."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamvuta nje, alikoliegesha gari, na lile shuka jeupe alilokuwa amenifunga shingoni, nikamwambia alishike hatua moja nyuma ya bomba. Mkewe, niliyekuja naye, akawasha injini. Tukahesabu mpaka sitini. Shuka likawa na doa jeusi, kubwa kama uso wa mtoto.

Alilitazama sana, kisha akalikunja, doa likiwa ndani.

"Nitaliuza kesho," akasema.

"Ukiliuza hivi," mkewe akasema, "tumempa moshi huu mtoto wa mwenzetu."

Kwa hiyo kwanza lilikwenda gereji. Shemeji alirudisha chujio, akatengeneza injini, akalipima moshi mpaka akaridhika, ndipo likauzwa. Lile dogo bado lilikuwa yadini, hakuna aliyelitaka, nasi tukalirudia. Bwana Kioo hakugusa taa. Alipiga magoti nyuma, akawasha tochi, akaingiza kile kioo chake chini ya bomba akihakikisha hakuna kilichong'olewa. Binti alikuwa kando, kichupa cha dawa ya kuvuta kikining'inia shingoni. Kiko naye mpaka leo.

"Baba, unalinyoa?"

"Hapana, mama. Natazama kisogo."

Paka wangu amerudi. Hajaombwa radhi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mnaponunua gari mnauliza rangi, viti, redio na mwendo. Ulizeni na moshi. Zungukeni nyuma, nendeni na fundi asiyeuza magari, hakikisheni chujio lipo, na gari liwashwe mbele yenu. Anayewaambia moshi ni dalili ya nguvu, mwombeni asimame nyuma ya gari muda wote mnapopatana bei. Mkishanunua, lisingurume chini ya dirisha la mtu. Si la kwenu, wala la jirani.

Mwenye usukani hukaa mbele ya moshi wake mwenyewe, ndiyo maana hauoni. Sisi wengine tuko nyuma, na mmoja wetu ana miaka sita.