Simu za Mapengo

Kila alipotoka shule, Kidomo alivua viatu mlangoni mwa karakana, akaketi juu ya friji mbovu iliyolazwa ubavu na kushika simu ya kazi. Jina hilo la Kidomo alipewa na mama yake, fundi friji, kwa kuwa hakuna neno lililompita bila kujibiwa.

Biashara ilikuwa imedorora, ndipo mama akaweka tangazo mtandaoni kupitia kwa dalali mmoja. Walipatana kwamba kila mtu akiona tangazo na kupiga simu, dalali analipwa. Basi simu zikamiminika. Kazi zilizopatikana, hata hivyo, zilikuwa chache mno, na sasa mama alisema atauza mtungi wa gesi ya kujazia friji ili amlipe dalali. Bila mtungi ule, karakana ingefungwa.

Siku hiyo simu iliita tena.

"Friji yetu haigandishi," alisema mpigaji kwa sauti nzito ya kujilazimisha.

"Mnakaa wapi?"

"Sss... sehemu nyingi."

Kidomo aliijua sauti hiyo yenye mluzi. Ilikuwa ya Mapengo, aliyekaa naye dawati moja.

Kesho yake alimbana nyuma ya darasa. Mapengo hakuficha. Dalali aliwapa watoto wa mtaa anaoishi vocha za simu ili wapige.

"Njoo na wewe," akasema. "Vocha zipo tele."

"Nimpigie mama yangu ili aibiwe? Sitaki vocha zenu. Leo jioni dalali anakuja kuchukua hela. Njoo useme mwenyewe, la sivyo nitasema mimi."

Jioni dalali alifika, shati limepigwa pasi vizuri, akaketi. Kidomo akasimama mbele ya mama yake.

"Usimlipe, mama. Wanaopiga ni watoto aliowatuma."

"Mama, mfunze mtoto adabu," dalali akasema. "Haya ni mambo ya wakubwa."

"Anayepokea simu ni yeye," mama akajibu. "Endelea, mwanangu."

Kidomo aliipigia ile namba ya jana. Simu ikaita pale pale, nje ya mlango. Mapengo akaingia, macho chini.

"Ni mimi, mama. Kaka huyu ndiye aliyenituma."

Dalali akanyanyuka upesi.

"Kaa kwanza," mama alimwambia. Alitoa malipo ya simu za wateja wachache aliowafuata kweli majumbani mwao, akamsogezea. "Hizi ni zako. Za simu zile nyingine hupati hata senti, na tangazo langu liondoe leo hii."

Dalali alizichukua, akatoka bila kuaga. Kidomo alikuwa amekasirika.

"Tapeli kama yule unamlipa, mama?"

"Wateja wale aliniletea yeye. Nikimdhulumu kwa sababu ni mwizi, kesho nitawakanya nini wewe na Mapengo? Chukueni vitambaa, mnisaidie kusafisha karakana."

Kidomo alitafuta jibu, akalikosa, na hilo nalo likamuudhi.