Skrini Nyeusi Ofisini mwa Gopal

"Boss, si uangalie mahali unakanyaga!"

Wasike aligeuka. Ngazi za jengo lile la Kenyatta Avenue zilijaa wateja wa simu na kompyuta, naye alikuwa amemkanyaga msichana mrefu aliyevaa koti la kijani, bisibisi ameichomeka nyweleni kama chanuo. Kwa jinsi alivyopendeza, Wasike alisahau hata kuomba msamaha.

"Hiyo laptop ni ya babu yako?" msichana aliuliza, akitazama dubwana lililokuwa kwapani mwake.

"Ni yangu. Mimi huchora nyumba. Lakini siku hizi inajivuta vibaya."

"Ilete pale juu. Mimi ni fundi, naitwa Jepleting. Nitaiwekea mfumo mwepesi, Linux, itakimbia."

Ikakimbia kweli. Kufikia Agosti 2008 wawili hao walikuwa wakila chipsi sahani moja na kuitana "sweetie" mbele za watu bila haya yoyote.

Halafu Wasike akaharibu. Alibonyeza update ya mfumo aliyokatazwa na Jepleting, michoro ikaanza kukwama kwenye skrini, na kwa aibu akaipeleka laptop kwa Achola, fundi mwenye kitambi wa mtaa wa pili. Achola akaweka draiva mpya, ile programu ya kuendesha picha za skrini. "Ukiiwasha tena itakuwa sawa," akamwambia. Jepleting alimwona akitoka pale.

"Ningekushika na msichana, ningelia halafu nikusamehe," alisema palepale barabarani, macho yamemjaa machozi. "Lakini fundi mwingine, Wasike? Mashine nimetengeneza na hii mikono yangu?"

"Babe, niliona tu aibu..."

"Basi oana na Achola!"

Tangu hapo hakupokea simu zake.

Wiki iliyofuata Wasike aliingia ofisini mwa mzee Gopal, amevaa suti ya kuazima na tai nyekundu. Gopal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akitafuta mchoraji wa nyumba yake mpya ya Milimani. Ingekuwa kazi kubwa ya kwanza ya Wasike. Akawasha laptop kwa mara ya kwanza tangu itoke kwa Achola. Skrini ikawa nyeusi tii.

"Kijana, hii nyumba yangu iko na giza mingi," Gopal alisema. "Mimi nasafiri kesho. Kama hakuna kitu naona leo, nachukua mtu kutoka Nairobi."

Wasike akampigia Jepleting. Akakata. Wasike akapiga tena, Jepleting akakata tena. Gopal akamsogezea simu ya mezani.

"Tumia hii. Namba yangu hajui."

"Hello?" sauti ya Jepleting ikasikika. Gopal akabonyeza kipaza sauti ili mikono ya Wasike ibaki huru.

"Jep, tafadhali usikate. Niko kwa mteja na skrini imekufa."

"Si uite Achola."

"Achola ndiye aliiua, na mimi ndiye nilimpelekea. Nilibonyeza ile update, nikaogopa utaniona mjinga. Nimekumiss, Jep. Hata kama hutanisaidia, usikate simu."

Jepleting akashusha pumzi. Ukweli ni kwamba hasira ilikuwa imemwisha tayari. Kiburi tu ndicho kilichobaki.

"Finya Control, Alt na F1 pamoja. Unaona maandishi?"

"Naona!"

"Draiva ya Achola ni ya kadi mpya ya picha, na kadi yako ni ya zamani. Tunaifuta, tunarudisha yangu. Niliweka nakala. Andika pole pole, sweetie."

"Umesema sweetie?"

"Andika!"

Akaandika herufi kwa herufi, akikosea anakemewa, Gopal akimsomea Jepleting kwa sauti yaliyotokea kwenye skrini. Mashine ikazimwa, ikawashwa. Giza. Giza tena. Kisha rangi zikajaa skrini, na Wasike alipofungua mchoro, nyumba ya Milimani ikatokea na vigae vyake vyekundu, ikizunguka bila kukwama hata kidogo.

"Imekubali! Jep, imekubali!"

Gopal aliizungusha mwenyewe, akaingia mpaka jikoni. "Kazi ni yako," akasema. "Na huyu kwa simu ni nani?"

"Ni fundi wangu."

"Fundi tu?" Jepleting akauliza.

Wasike akasimama wima. "Nataka awe bibi yangu. Jep, utakubali nikuoe?"

Gopal akainamia simu asipitwe na neno.

"Kuja uniulize ukiwa mbele yangu," Jepleting akajibu, akakata.

Wasike aliacha laptop mezani, akatoka mbio, tai ikipepea begani, akavuka Kenyatta Avenue katikati ya mikokoteni na honi. Alipofika juu ya ngazi alikuwa akihema. Jepleting alikuwa mlangoni, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Jep, utaku..."

"Ndiyo!" Akamvuta ndani kwa tai. "Nilikubali tangu kwa simu. Nilitaka tu nikuone ukikimbia."